Kutu Iliyo Chini ya Zulia

Jumamosi moja ya masika ya mwaka jana, binti yetu wa pili alishuka garini akiwa amebeba ndala zake mkononi. Tulipomuuliza kulikoni, alijibu kwamba zimelowa. Mvua haikuwa imenyesha tangu Alhamisi, na vioo vyote vya gari vilikuwa vimefungwa usiku kucha. Tukadhani amemwaga maji ya kunywa, tukamkanya kidogo, tukaendelea na shughuli zetu. Wiki iliyofuata zikalowa tena. Hapo mama yao hakungoja maelezo. Aliingia garini akalivuta zulia la mbele upande wa kushoto, mahali anapokanyaga abiria. Chini ya zulia palikuwa na sponji iliyojaa maji kama dodoki. Chini ya sponji palikuwa na bati la rangi ya kahawia lililobanduka kama maganda ya kitunguu. Na katikati ya bati hilo palikuwa na tundu ambalo kidole gumba kilipita bila taabu, na kupitia tundu hilo tuliziona changarawe za uani.

Ndugu msomaji, gari hilo tulilinunua kwa akiba ya miaka minne. Ni saluni ya kawaida, Toyota Corolla ile ambayo mitaani huitwa "mia na kumi", iliyoanza kuuzwa kwao Japani mwaka 1995 na ambayo hadi leo huikosi ukitembea Dar es Salaam au Tanga. Asubuhi iliwapeleka watoto shule, alasiri ikawapeleka madrasa, na siku za sikukuu ilitubeba sote, bibi akiwa mbele na kapu la maandazi mapajani. Rangi yake iling'aa. Katika muda wote huo hatukuwahi kuinama hata mara moja kuitazama chini.

Wasomaji waliozoea safu hii watashangaa kukuta habari za gereji mahali pa mapishi na malezi. Lakini gari la familia ni chumba kimojawapo cha nyumba, na tena ndicho chumba pekee kinachokwenda mwendo wa kilomita 80 kwa saa kikiwa na watoto ndani. Nyumba tunaikagua paa kabla ya mvua. Gari tunaliosha tu.

Tuanze na yale maji, kwa maana ndiyo yaliyotushangaza zaidi. Hayakuwa maji ya mvua. Yalikuwa maji ya kiyoyozi. Kiyoyozi hupoza hewa kwa kuipitisha penye vijibomba vya baridi, na unyevu ulioko hewani hugeuka matone juu yake, kama gilasi yenye barafu inavyotoa jasho kwa nje. Katika pwani yetu yenye joto na unyevu, matone hayo si haba. Kwenye magari ya usukani wa kulia kama haya yetu, kifaa hicho kwa kawaida hukaa nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa kushoto, na maji yake hutoka nje kwa mpira mwembamba unaopenya hadi chini ya gari. Mpira huo ukizibwa na vumbi, majani, au hata kiota cha nyigu, maji hukosa njia na kumwagikia ndani, chini ya zulia, polepole, siku baada ya siku. Sisi tulikuwa tumewasha kiyoyozi kwa ajili ya raha ya watoto, na kumbe kwa raha hiyo tulikuwa tunamwagilia kutu.

Namna ya kujua ni nyepesi kiasi cha kututia aibu. Ukisimamisha gari baada ya safari yenye kiyoyozi, tazama ardhi chini yake. Ukiona matone ya maji safi, mambo ni mema. Ukiona pakavu siku ya joto kali, ingiza mkono chini ya zulia la abiria. Kuuzibua mpira ule ni kazi ya dakika chache kwa fundi yeyote.

Yapo pia maji yanayoingia kwa mlango mwingine. Tunapenda kuegesha magari chini ya mwembe au mwarobaini, na ni haki yetu, jua ni kali. Majani yake hudondoka na kujazana katika ule mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, yakaoza, yakaziba matundu ya kutolea maji. Kadhalika milango: kila mlango una vitundu kwa chini, kwa sababu maji ya mvua hupita pembezoni mwa kioo na lazima yatoke. Tope likiviziba, mlango hugeuka ndoo. Ndiyo maana milango mingi huanza kuoza kwa chini na kwa ndani, na siku unapoona kipele kidogo juu ya rangi, kutu imekwisha kumaliza safari yake na inakuja kukusalimu.

Kutu yenyewe haina siri kubwa. Chuma kikikutana na maji na hewa huanza kurudi kwenye hali ya udongo wake wa asili. Maji matupu huifanya kazi hiyo bila haraka. Maji ya chumvi huiharakisha, kwa kuwa chumvi huyawezesha kupitisha kwa urahisi ule umeme mdogo sana ambao kutu huuhitaji ili itambae. Anayeishi Kigamboni, Msasani au Forodhani hana haja ya kuambiwa upepo wa bahari unafanya nini kwa mageti na madirisha. Gari nalo ni geti lenye magurudumu.

Lakini chumvi nyingine tunailipia wenyewe. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya magadi, na sehemu nyingi za kuoshea magari hutumia maji hayo hayo. Gari huoshwa juu likametameta, chini likarashiwa chumvi, kisha huachwa likauke juani. Tangu tulijue hilo tumekuwa tukimuuliza kijana wa kuosha magari maji yake yanatoka wapi, naye hututazama kama watu waliochanganyikiwa.

Na ipo chumvi inayokuja na meli. Kaskazini mwa Japani, hasa kisiwa cha Hokkaido, theluji huanguka kwa wingi wakati wa baridi, na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari lililoishi huko miaka kumi laweza kufika bandarini likiwa na viti visivyo na doa, kilomita chache, harufu ya upya, na chini likawa limeliwa vibaya kuliko teksi ya Kariakoo. Anayeagiza gari leo huletewa picha za rangi, za viti na za redio. Aombe picha za chini kabla ya kulipa. Wakala asiyetaka kuzitoa amekwisha kujibu.

Gari letu halikuagizwa moja kwa moja. Tulilinunua kwa mtu hapa hapa mjini, na mtu huyo hatumtaji. Tulipolibandua zulia lote tulikuta kwamba lilikuwa jipya kuliko gari. Chini yake, upande wa nyuma, sakafu ilikuwa imezibwa kwa fiba na puti, ikapakwa lami nyeusi ikaonekana kama imetoka kiwandani. Hata sumaku ingetufunulia jambo hilo. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, ili isikwaruze rangi, hushika penye bati na huanguka penye puti. Ni kipimo cha bei ya soda, nasi hatukukifanya, kwa sababu siku ya kununua tulikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hainami.

Tulilipeleka gereji. Fundi wetu ni kijana wa miaka isiyozidi thelathini, mpole, mwenye mikono mizuri. Alitazama lile tundu akatabasamu.

"Mzee, hii msiihangaikie. Tunapiga fiba, tunaweka puti, tunapaka lami. Mwaka mzima hamtaona kitu."

"Ndivyo alivyofanya aliyetangulia, fundi," tulimjibu. "Nasi kweli hatukuona kitu."

Akanyamaza. Kisha akalipandisha gari kwa jeki, akaweka stendi, akaingia chini na tochi. Alikaa huko muda mrefu kuliko tulivyopenda. Alipotoka alituomba tuingie wenyewe, na tukalala juu ya boksi lililokunjuliwa, kanzu na yote. Alitushika mkono akautuliza kidole chetu juu ya kibomba chembamba kilichopita kando ya sakafu kuelekea magurudumu ya nyuma. Kilikuwa kimevimba, kina magamba, na kilikuwa na unyevu.

"Hili ndilo la kuogopa, mzee. Tundu la sakafu mnaliona. Hili ni bomba la breki."

Tumeandika safu hii kwa ajili ya kidole hicho. Breki za saluni hizi hufanya kazi kwa mgandamizo wa mafuta ndani ya vibomba vya chuma. Mguu ukikanyaga kwa nguvu, kama pale mtoto anapokatiza barabara ghafla, mgandamizo hupanda sana, na ni wakati huo huo bomba lililoliwa na kutu hupasuka. Watengenezaji wamegawa mfumo mara mbili ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki, kwa hiyo gari halikosi breki kabisa. Lakini pedali huzama, na gari huenda mbali sana kabla ya kusimama. Kwa miezi mingapi tulishuka miteremko ya Kimara na watoto wanne kiti cha nyuma, wakiimba, tukiwa juu ya bomba lile? Hatujui, na usiku ule mama yao hakulala.

Mafuta yenyewe ya breki nayo yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani. Yale ya kawaida yanayoandikwa DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakisha kunywa maji kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140 hivi, na maji hayo hayo huanza kula mabomba kwa ndani. Yabadilishwe kila miaka miwili. Tuliuliza watu kumi baada ya Swala ya Ijumaa kama wamewahi kuyabadilisha. Tisa walisema huwa wanaongeza tu.

Kutoka hapo tulijifunza kwamba kutu hazilingani. Iliyo kwenye fenda ni aibu ya macho tu, mtu anaweza kuivumilia hadi apate fedha. Iliyo kwenye kizingiti chini ya milango, kwenye mahali mkanda wa usalama unapofungiwa, au pale shokapu inaposhikilia bodi, hiyo ni kutu ya mifupa. Gari likigongwa ndipo utakapojua ilikuwa imekula nini. Na iko ya bomba la moshi. Bomba likitoboka chini ya sakafu iliyotoboka, moshi hupata njia ya kuingia ndani, na ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watoto wakilalamika kichwa au wakisinzia wote kwa pamoja safarini, usifurahie utulivu. Fungua vioo, simama, washushe wapate hewa, na usiendelee na safari hadi bomba lile lichunguzwe.

Tiba ya kweli ya bati lililooza ni moja: kukatwa hadi palipo pazima, kuchomelewa bati jipya, kupakwa rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, ndipo lami ifuate. Lami juu ya kutu ni blanketi. Huufunika unyevu ukafanya kazi yake kwa faragha. Wapo wanaopulizia oili chafu chini ya gari, na hatukatai kwamba huzuia maji, ila hulegeza bushi na mipira mingine, na ikifika kwenye breki ni hatari. Sisi tulichagua kuchomelea, na tulibadilisha mabomba yote ya breki, si lile moja. Bei yake ilikula fedha tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya sare na ada. Mama watoto aliuza cherehani yake ya pili. Tunalisema hili ili msomaji asidhani kwamba ushauri wa safu hii ni wa watu wenye nafasi.

Kutu hii ina ndugu yake ndani ya injini, na huyu tulikutana naye Chalinze, tukielekea Morogoro kwenye harusi. Mshale wa joto ulipanda, mvuke ukafuka kutoka kwenye boneti, gari likachemsha. Vijana wa barabarani walikuja mbio na madumu ya maji, na mmoja alikwisha kushika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Tulimzuia kwa ukali, naye akatununia. Maji yaliyo ndani wakati huo yako chini ya mgandamizo, na kifuniko kikifunguliwa hurukia uso. Zima injini, ngoja nusu saa au zaidi, uguse kwanza.

Iliyopoa ikafunguliwa, na maji yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi. Bloku ya injini hii ni ya chuma cha kusubu, na aliyetutangulia alikuwa akijaza maji ya kisima. Nasi, kwa haki, tuliendelea na mtindo wake. Kulanti si maji ya rangi ya kupendezesha. Ina dawa inayozuia kutu, na huchelewesha maji kuchemka. Maji ya chumvi hukwangua bloku, na unga wa kutu hukimbilia kwenye vijibomba vyembamba vya rejeta na kuviziba, mpaka siku ya mlima na mzigo. Silinda hedi, ambayo ni ya aluminiamu, ikipata joto la kupita kiasi hupinda, gasketi ikaungua, na oili ikaanza kuonekana kama chai ya maziwa. Akiba ya bei ya dumu moja la kulanti huishia hapo.

Fundi alipofungua aligundua pia kwamba thamostati haipo. Ilikwisha kung'olewa zamani, kwa hoja tunayoisikia kila gereji kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha Wazungu. Hoja hii haina msingi. Thamostati hufunga njia ya maji hadi injini ifikie joto lake la kazi, kwa kawaida kati ya nyuzi 80 na 90, na hakuna siku Dar es Salaam ilipofika huko. Bila hiyo injini hukimbia ikiwa baridi, hunywa petroli nyingi, na sehemu zake huisha upesi. Iliyoharibika ibadilishwe, isitupwe.

Mengine tutayapitia haraka, maana hayana ujanja, yanajitangaza yenyewe. Mgongo wa tuta ukilia "ko" mbele, ni bushi au boljointi. Boljointi ikiachia, gurudumu hujilaza, basi usiingoje. Kona ikilia "ta-ta-ta", mpira wa jointi ya draivushafti umepasuka na grisi imetoka. Mkanda wa taimingi kwenye injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Magari yaliyofuata yenye injini ya 1NZ yana cheni badala ya mkanda. Kuhusu betri hatuna la kusema ambalo jirani hajakwambia.

Limebaki jambo moja ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu wiki hii. Familia imeongezeka, na tumeamua kuliuza. Breki ni mpya, sakafu imechomelewa, injini haichemshi. Lakini pale shokapu ya nyuma kushoto inaposhika bodi kuna kutu ambayo hatujaweza kuigharimia, nayo haionekani ila kwa kutoa zulia la buti. Shemeji yetu, mtu wa biashara, alitushauri kwa nia njema: "Asipouliza, msiseme. Kila mtu ana macho yake." Wasomaji wetu wanakijua kisa cha rundo la nafaka lililokuwa kavu juu na bichi ndani, na kwamba anayeuza aibu anayoijua ana wajibu wa kuieleza, hatuna haja ya kukirudia. Tunachokiri ni kwamba tulilala usiku mbili tukiufikiria ushauri wa shemeji, kwa sababu ile cherehani bado hatujaikomboa.

Mnunuzi alikuja Alhamisi baada ya Alasiri. Ni kijana, mke wake ni mjamzito, na alikuwa na furaha ile ile tuliyokuwa nayo sisi. Alilizunguka gari akigusa rangi. Tukafungua buti, tukavuta zulia, tukamwonyesha. Alinyamaza kidogo, kisha akapiga magoti na kuuliza kama tuna tochi.

Tulipunguza bei. Alisema atarudi Jumapili na fundi wake. Hadi tunapoipeleka safu hii mtamboni hajarudi, na gari liko uani, zulia limeanikwa juu ya boneti.